Nashukia Bomani

Nimerudi Mikindani Jumanne, kwa basi la kutoka Lindi. Konda aliponiuliza nashukia wapi, nikajikuta nasema, "Bomani." Miaka yote ya ughaibuni, na neno lile lilikuwa ulimini tu.

Boma lenyewe liko palepale kilimani, linatazama ghuba. Utotoni mwetu lilikuwa gofu: chokaa imebanduka, mawe ya matumbawe yako wazi, popo ndio wenye nyumba. Tulikuwa tukipanda kutafuta mabuyu na kushindana nani ataingia peke yake. Bibi akisikia, fimbo. Nilidhani anaogopa majini.

Kumbe alikuwa na yake. Wajerumani waliishika Mikindani mwaka 1890, wakimalizia vita vya pwani alivyovianzisha Abushiri kule Pangani mwaka 1888. Boma wakalijenga 1895. Miaka mitatu baadaye ikaja kodi ya nyumba, na asiye na rupia alilipa kwa jasho. Baba yake bibi alipandishwa kilima kile kwa deni la kodi. Bibi hakuwahi kusimulia zaidi ya hapo. Ila kila alipopita barabara ya chini alijivuta kanga usoni na kukaza mwendo, mpaka uzeeni, wakati kule juu hamna hata askari.

Waingereza nao walitawala kutoka humohumo. Kilicholiponza boma ni karanga, naam, karanga! Mpango wao mkubwa wa mwaka 1947 ulitaka bandari ya kupokea meli kubwa, Mtwara ikajengwa, na ukubwa wote ukahamia huko. Kufika 1951 mpango wenyewe umekufa. Mtwara ikabaki na bandari, sisi tukabaki na gofu.

Shirika moja la hisani la Uingereza ndilo lililolikarabati likawa hoteli. Kazi nzuri, sina ubishi: kuta nyeupe, ubaridi ule wa nyumba za mawe. Nikaagiza chai. Kijana akaniamkia, "Shikamoo mjomba, karibu Mikindani," nikaitikia kama mgeni.

Utotoni tuliangalia popo, hatukuangalia chini. Kumbe kutoka pale barabara yote inaonekana. Nilimfuata kwa macho mama mmoja mwenye ndoo kichwani, hatua kwa hatua, mpaka alipopotelea kwenye minazi. Kanga ya bibi isingemficha.