Siku moja na mashine ya presha, Kisauni, Mombasa

Saa mbili asubuhi niko njiani. Begi la mhudumu wa afya ya jamii lina mashine ya presha, kipimo cha sukari na daftari. Leo ni zamu ya nyumba za wakimbizi.

Saa tatu. Mama Mkongomani, mimba ya miezi saba, anamenya viazi karai vya kuuza jioni. Biashara hii ndiyo inayolipa kodi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inatambua haki ya mumewe kufanya kazi, lakini karatasi zake hazijakamilika. Namfunga mkanda mkononi: 150 kwa 100. Vidole vimevimba, pete haitoki.

“Kichwa?”

“Kinauma tangu juzi, dada. Ila baba watoto hajasema niende.”

Kauli hiyo naisikia hata kwa Waswahili wenzangu, na kila mara huniuma. Ugenini huwa nzito zaidi, kwa kuwa mama, shangazi na wifi ambao wangemsemea wamebaki kwao.

Mjamzito presha ikifika 140 kwa 90, haingoji kesho. Ikiachwa inaweza kuleta kifafa cha mimba, kiuacho mama na mtoto.

Saa nne mume anakuja kutoka kijiweni. “Kule kwetu mimi ndiye niliyelisha nyumba,” ananiambia kwa sauti ya chini. “Sasa hata hili nisiulizwe?”

“Shemeji, utaulizwa. Leo jibu liwe ni twende.”

Ananyamaza kitambo, kisha anaitafuta kadi ya kliniki mwenyewe. Nawaitia tuktuk. Yule hakuwa mkatili. Kupoteza kazi kumempokonya heshima, na ruhusa ndiyo iliyombakia mkononi.

Saa nane, kwa akina mama wa Kisomali. Mmoja mamake alipitia kambi ya Utange, hapa hapa Kisauni, baada ya vita vya 1991. Wanalalamika kukosa usingizi na kifua kubana, na wote wanasema ni uchovu tu. Wa mwisho ananinong'oneza kwamba kadi yake ya uzazi wa mpango anaiweka kwa jirani. Siandiki hilo daftarini.

Saa kumi nampigia shemeji. Mkewe amelazwa, mkojo una protini, dawa ameanza.

Kesho nitaanza na wanaume wa kijiweni, mapema, kabla hawajatawanyika kutafuta vibarua.