Kadi ya tatu bado hai: radi, mlingoti na ethi mbili

Jana usiku radi ilipiga upande wa Rau, hapa Moshi, mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Asubuhi nimewasha kompyuta, taa ya kijani ya kadi ya mtandao inapepesa kama kawaida. Nimeshangilia peke yangu mezani. Masika hii nilishapoteza tundu la LAN (la waya wa mtandao) la kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, kisha kadi mbili nilizochomeka badala yake, na kila mara kompyuta yenyewe ilibaki nzima.

Hicho ndicho kilichoninyima usingizi. Ekstensheni yenye kinga ninayo, stabilaiza ninayo. Pigo halikupita kwenye umeme wa ukutani, lilikuwa linaingilia kwenye waya wa antena ya intaneti, waya wa LAN ule unaotoka mlingotini nyuma ya nyumba.

Fundi aliyesimamisha mlingoti aliupigilia rodi yake ya ethi, ile ya kushusha umeme ardhini, hapo hapo chini, mbali kabisa na rodi ya umeme iliyo karibu na mita. Nikaazima kipimo cha ethi, ambacho omu zikiwa chache ndivyo umeme unavyoshuka ardhini kwa urahisi: rodi ya kwenye mita ya umeme omu 31, ya mlingoti omu 86. Nikajua nimeshamkamata mwizi. Nikachimba kuzunguka rodi mpaka sululu ikagonga mawe, nikajaza mkaa na chumvi, nikamwagilia siku tatu. Zikashuka hadi omu 52. Wiki iliyofuata kadi ya kwanza ikaungua.

Ndipo nikakaa na kalamu. Ampea 1,000 tu za radi zikishuka kwenye omu 52, rodi hiyo inapanda volti 52,000 huku ile ya mita imetulia. Kompyuta iko katikati, mguu mmoja huku kwenye waya wa antena, mwingine kule kwenye umeme wa ukutani. Vitransfoma vidogo ndani ya tundu la LAN vimetengenezwa vihimili volti 1,500. Hata ningefika omu 10, bado ni volti 10,000. Ubaya ulikuwa kuwa na ethi mbili zisizojuana.

Nikaziunganisha kwa kebo ya shaba ya milimita mraba 16, mita 14 kuzunguka ukuta. Bei yake iliniuma. Kadi ya pili nayo ikafa!

"Kaka, si tumeshaunganisha?" fundi akaniuliza, na sikuwa na jibu. Nililipata usiku: waya ulionyooka una takribani maikrohenri 1 kwa kila mita, yaani kipimo cha jinsi unavyopinga mkondo unaopanda ghafla. Mkondo ukipanda ampea 1,000 ndani ya maikrosekunde 1, kila mita inazaa volti 1,000. Mita zangu 14 ni volti 14,000, na kuongeza unene wa waya hakubadilishi sana hesabu hiyo. Dawa ni ufupi.

Kwa hiyo nimehamisha njia yenyewe. Waya wa antena sasa unazunguka nje na kuingia pale pale unapoingia umeme, chini ya meni swichi. Hapo nimefunga bamba la shaba la urefu wa kiganja. Kinga ya radi ya waya wa LAN imeshikwa kwenye bamba kwa kipande cha sentimita 15, ethi ya umeme inafika hapo, na kebo ya mita 14 pia. Kinga ya umeme ya kwenye boksi la breka inashuka hapo hapo, nyaya zake zote kwa jumla hazifiki nusu mita. Nilizikata mara mbili mpaka zikalala bila mkunjo. Bamba likipanda, vyote vinapanda pamoja nalo. Mvua nne za radi sasa, kadi iko salama.

Testa ya bisbisi msiitegemee kwenye kazi hii: inaonyesha waya wa moto, lakini haikwambii kama ethi imeachia. Na ile ekstensheni nimeifungua. Varista yake ya volti 275, kile kipande cha ndani kinachomeza pigo, imepasuka na kuwa nyeusi, ilhali taa ya nje bado inawaka. Varista huchakaa kwa kila pigo inalomeza, nami nilikuwa naiamini ile taa.

Wiki hii nilipanga kuhamishia waya wa dishi la TV kwenye bamba hilo hilo. Sijagusa, maana nimeingiwa na wazo la faiba: kigeuzi kimoja cha kugeuza umeme kuwa mwanga kwenye bamba, kingine mezani, katikati uzi wa kioo usiopitisha umeme. Mita 10 nimeshanunua. Dishi tunalichomoa kila wingu likifunika mlima.