Simba wa Tsavo Jijini Chicago

Mnamo Oktoba 2016, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili huko Champaign, katika jimbo la Illinois, nilipanda treni Ijumaa jioni kwenda Chicago kwa binamu yangu, ambaye ni muuguzi na ambaye kwa umri wake nimezoea kumwita dada. Alikuwa amenipangia mizunguko ya siku mbili nzima, nami nilikuwa na ombi moja tu, ambalo nilikuwa nalo tangu utotoni kwetu Voi: nilitaka kuwaona simba wa Tsavo, wale wawili waliokula watu kwenye ujenzi wa reli huko Kenya mwaka 1898 na ambao sasa wamehifadhiwa katika makumbusho ya Chicago.

"Jumapili ni yako," alisema aliponipokea stesheni. "Jumamosi niachie mimi."

Nashukuru nilimwachia. Asubuhi tulisimama Millennium Park mbele ya sanamu ya chuma ya Anish Kapoor, ile ambayo wenyeji huiita Haragwe, tukatazama majengo ya Michigan Avenue yakijipinda juu ya uso wake unaong'aa kama kioo. Kisha tukapanda boti, na mtu yeyote mwenye siku mbili tu Chicago ningemshauri aanze na safari hiyo ya mtoni, kwa sababu ndani ya saa moja na nusu jiji zima hujieleza lenyewe. Tulipita chini ya madaraja ya chuma yanayofunguka katikati, tukapita minara miwili ya Marina City, ambayo kwa mbali ni magunzi mawili ya mahindi yaliyosimamishwa, na ambayo ghorofa zake za chini zimejaa magari yaliyoegeshwa ukingoni kabisa. Mwongozaji alitueleza kwamba mto ule zamani ulimwaga maji yake ziwani, ila kwa kuwa maji taka ya jiji yalikuwa yakiingia katika ziwa lile lile ambalo watu waliteka maji ya kunywa, wahandisi walichimba mfereji, na mwaka 1900 wakaugeuza mto utiririke kuelekea upande wa pili. Jioni tulitembea kando ya Ziwa Michigan. Ng'ambo yake haionekani, na mtu aliyeizoea Mombasa huhisi kwamba pana kitu kimepungua kabla hajakitambua: upepo hauna harufu ya chumvi, wala maji hayapwi.

Usiku huo sikulala vizuri. Nyanya yangu alitulea kwa hadithi ya simba hao. Kwake hazikuwa habari za vitabuni, bali habari za mtu wa ukoo wetu, kaka wa babu yake, aliyekwenda kukata kuni kwenye kambi ya reli karibu na Mto Tsavo na hakurudi. Walichopata ni shoka lake. Nyanya hakuwa akituambia zaidi ya hapo, na sisi watoto tuliogopa kuuliza.

Jumapili saa tatu asubuhi tulikuwa mlangoni mwa Makumbusho ya Field, jengo kubwa lenye nguzo nyeupe, lililofunguliwa mwaka 1921 kando ya ziwa. Katika ukumbi mkuu, siku hizo, ndipo alipokuwa Sue, kiunzi cha mifupa cha dinosau aina ya Tyrannosaurus rex, na hapo pia wako tembo wawili waliojazwa, wakiwa kama wanapigana, kazi ya Carl Akeley, fundi wa kuhifadhi wanyama. Dada alitaka tuwatazame kwa utulivu. Mimi miguu ilikuwa imeshaanza kwenda.

Simba wamewekwa nyuma ya kioo, miongoni mwa mawe na nyasi kavu. Mmoja amesimama, mwingine amejiinamisha karibu na ardhi. Rangi yao ni ile ya nyasi za Septemba kwetu, kabla ya mvua za vuli, na hawana manyoya ya shingoni, ijapokuwa wote wawili ni madume. Jambo la kwanza lililonipata lilikuwa mshtuko wa udogo wao. Nilikuwa nimewabeba kichwani kwa miaka ishirini wakiwa na kimo cha nyumba.

Sababu ya udogo huo inajulikana. John Henry Patterson, mhandisi aliyepelekwa mwaka 1898 kujenga daraja la Tsavo kwenye Reli ya Uganda, aliwapiga risasi wote wawili Desemba ya mwaka huo, na yule wa kwanza, kwa maelezo yake, alikuwa na urefu wa futi 9 na inchi 8 kutoka puani hadi ncha ya mkia, akabebwa na wanaume wanane. Kisha ngozi zao zikawa mazulia nyumbani kwake kwa karibu robo karne, hadi alipoyauzia makumbusho haya mwaka 1924 kwa dola 5,000. Ngozi iliyokanyagwa miaka yote hiyo husinyaa na kuchakaa, na aliyewatengeneza simba hao upya alilazimika kuwapunguza walingane na kilichobaki. Niliinama hadi pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo, nikimtazama yule aliyejiinamisha, makucha yake, masharubu yake, na yale macho ya bandia yaliyokuwa yakitazama mahali fulani juu ya bega langu.

Kando yangu mtoto wa miaka saba hivi alimwambia baba yake kwamba hao ni simba jike. Nilijikuta nikimweleza kwamba madume wengi wa Tsavo hawana manyoya ya shingoni au wanayo machache, na kwamba mimi nimezaliwa karibu na huko. Akanikazia macho.

"Walikula watu wangapi?"

Hilo ndilo swali ambalo sikuwa nimejiandaa kulijibu kwa sauti. Patterson baadaye alitaja watu 135. Watafiti waliopima kemikali katika mifupa na manyoya ya simba hawa walitoa mwaka 2009 makadirio ya watu kama 35. Lakini katika maelezo yake ya awali Patterson aliandika jambo ambalo kwangu ni zito kuliko tarakimu zote hizo: kwamba waliliwa vibarua Wahindi 28, pamoja na Waafrika wengi ambao hakuna rekodi rasmi iliyowekwa juu yao. Nilimwambia mtoto kwamba walikuwa wengi, na kwamba hakuna aliyewahesabu wote. Baba yake akanishukuru kwa upole, wakaenda kuwatazama wanyama wengine.

Dada alinikuta pale pale baada ya kuzunguka ukumbi mzima. Yeye pia amekulia kwenye hadithi ya lile shoka, kwa hiyo hakusema neno. Alisimama nami tu, tukakaa hivyo kwa muda mrefu, wageni wakitupita.

Nilirudi Champaign kwa treni ya saa mbili usiku. Nilipofika chumbani, Voi kulikuwa kumeshapambazuka, nikampigia nyanya. Aliniuliza wako vipi. Nilimwambia ni wadogo, na wana rangi ya nyasi kavu.

"Na watu wetu?" aliuliza. "Wameandikwa wapi?"

Nilimweleza alichokiandika yule mhandisi. Alinyamaza hata nikadhani simu imekatika. Kisha akanitajia jina la kaka wa babu yake, jina ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu, akalirudia polepole silabi kwa silabi, nami nikaliandika nyuma ya tiketi ya makumbusho.