Baada ya Kutoka Hospitalini

Binti ya kaka yangu, aliye kidato cha tatu, aliporuhusiwa kutoka hospitalini baada ya kujaribu kujiua, ndugu wengi walidhani kwamba shida imekwisha, ilhali madaktari wanajua kwamba majuma ya kwanza baada ya mgonjwa kurudi nyumbani yana hatari kubwa. Mwili ulitangulia kupona: hamu ya chakula ilirudi, kisha nguvu za miguu, ingawa usingizi uliendelea kumpiga chenga. Moyo ulikwenda kwa mwendo wake. Alimwonea haya mama yake, alikasirika alipoulizwa maswali, na siku nyingine alicheka hata tukashangaa.

Mshauri nasaha alituomba tufungie dawa zote kabatini, tumsikilize bila kumhubiria, na tumuulize waziwazi kama mawazo yale yamerudi, kwa sababu kuuliza hakumpandikizii mtu wazo la kufa. Pamoja na binti huyo aliandika mpango wa usalama, yaani dalili zake za hatari, mambo yanayomtuliza, na watu wa kuwapigia simu hata usiku wa manane. (Nashukuru kwamba shangazi nimo.)

Jambo moja lilitupunguzia hofu. Mwezi wa Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kwa hiyo mama yake alizungumza na mwalimu mkuu bila kuogopa polisi. Sasa binti anasoma nusu siku, na kliniki anakwenda mwenyewe, akiwa na orodha ya maswali anayotaka kumuuliza daktari.