Ven, kisiwa cha mpima nyota

Kutoka Landskrona, Uswidi, kivuko huchukua karibu nusu saa hadi Bäckviken, bandari ya kisiwa cha Ven. Upepo wa Öresund, mlango-bahari kati ya Uswidi na Denmark, ulitupiga tangu tunang'oa nanga. Abiria wengi walikodi baiskeli. Mimi nilipanda mlima kwa miguu.

Nilimfuata Tycho Brahe, mwanaastronomia wa Denmark wa karne ya 16. Zamani hizo Ven ilikuwa ya Denmark, na mwaka 1576 Mfalme Frederick II alimpa kisiwa chote, naye Tycho akajenga humo Uraniborg, kasri la kuchunguzia nyota. Limebomolewa. Limebaki shimo ndani ya bustani, nami nilikaa pembeni mwake kwa muda mrefu. Darubini ilikuwa haijavumbuliwa! Tycho, dada yake Sophie na wasaidizi walitegemea macho yao na vyombo vikubwa vya kupimia pembe, na bado vipimo vyao bora vilikosea kwa takriban dakika moja ya digrii. Ugawe upana wa mwezi mpevu mafungu 30: kosa lao ni fungu moja.

Hatua chache kutoka hapo ipo Stjerneborg, kituo chake cha pili cha kuchunguzia nyota. Upepo huu huu ulikuwa ukitikisa vyombo vilivyowekwa juu kasrini, basi kuanzia 1584 Tycho akavishusha kwenye vyumba vilivyochimbwa ardhini, vyenye mapaa ya kufunguka. Nikamheshimu zaidi. Ardhi nayo aliipima kwa uangalifu uleule: alilenga alama za ng'ambo ya bahari, akapima pembe baina yake, akachora ramani ya kisiwa.

Lakini waliobeba mzigo wa ujenzi ni wakulima wa Ven, waliolazimishwa kumfanyia kazi siku mbili kila wiki. Walilalamika, wala hawakuondolewa wajibu huo. Kwangu mimi, anayemsifu Tycho bila kuwataja amesimulia nusu tu.

Tycho aliondoka mwaka 1597, akafariki Prague mwaka 1601. Vipimo vyake vya Mirihi vikaangukia mikononi mwa mwanaastronomia Johannes Kepler, ambaye alijaribu kuvioanisha na njia ya duara. Vikapishana kwa dakika nane tu. Mwingine angezipuuza. Kepler aliamini kazi ya Ven kuliko duara lililoheshimiwa tangu Wagiriki wa kale, akaliacha, na mwaka 1609 akachapisha kwamba Mirihi huzunguka Jua katika njia ya duaradufu, yaani duara lililorefuka.