Amri namba -3: nilivyounda mashine ya swali la ICFP 2006

Shindano la ICFP la 2006, la kuandika programu za kompyuta, lilidumu saa 72. Mimi nilikuja kulifanya kama zoezi, miaka mingi baadaye, bila saa ya kunikimbiza. Unapewa maelezo mafupi ya mashine ya kubuni pamoja na faili moja iliyofungwa. Usipoiunda mashine hiyo kwa programu, mafumbo yenyewe huyaoni.

Maelezo yalinitia kiburi. Rejista 8 (visanduku vidogo vya kushikia namba) za biti 32, amri 14, na safu za kumbukumbu unazoomba na kuziachia, basi. Namba ya amri inakaa kwenye biti 4 za juu, rejista tatu kwenye biti 9 za chini. Nikajua ni kazi ya jioni moja.

Niliandika kwa lugha ya C. Kuiwasha tu, ikazima: "amri -3 haijulikani". Hasi tatu! Amri zinaanzia 0 hadi 13. Nikakagua mpangilio wa baiti, uko sawa. Kumbe maneno ya mashine, yaani namba za biti 32 zinazobeba amri, nimeyaweka kwenye int, aina inayokubali hasi. 13 kwa biti ni 1101. Ukiisogeza kulia nafasi 28, ile 1 ya mwanzo inaburutwa na kujaza nafasi zote zilizoachwa wazi, na 13 inageuka -3. Nikaweka uint32_t, aina isiyokubali hasi. Tena amri hiyohiyo ya 13 ina mpangilio wake: rejista iko chini tu ya namba ya amri, na biti 25 zilizobaki ndizo thamani. Sentensi hiyo nilikuwa nimeiruka.

Sasa ikatembea, ila kwa mwendo wa konokono. Nililaumu kila kitu, hadi malloc ya watu, ile kazi ya C ya kuomba kumbukumbu. Mkosaji alikuwa amri 12, inayonakili safu uliyotaja iwe safu 0, yaani programu mpya, kisha kurukia mahali fulani. Mara nyingi safu inayotajwa ni hiyohiyo 0. Programu inataka kuruka tu. Mimi kwa utiifu nilikuwa nainakili programu nzima juu yake yenyewe kila mzunguko. Na maelezo yalikuwa yamedokeza wazi kwamba hapo pawe pepesi.

Nikaongeza sharti moja: ikiwa ni 0, usinakili. Nikawasha tena. Faili ikajikagua, ikajifungua, ikaniomba ufunguo.