Kutoka Survey hadi Salender, kwa kufuata maji

Saa moja asubuhi kituo cha daladala cha Survey, Dar es Salaam, kilishajaa wanafunzi, nami nimevaa raba nyeupe. Dada aliyekuwa mwenyeji wangu aliziangalia, akacheka: "Kaka, hizo unazipenda kweli?" Yeye alivaa yeboyebo. Alisoma Chuo Kikuu Ardhi, na fildi yake aliifanya Ramani Huria, mradi ulioanza mwaka 2015 ukiwakutanisha wanafunzi wa Ardhi, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wakazi wenyewe kuchora ramani za kata zinazofurika. Nilimwomba anipitishe alikopita.

Tukashuka Tandale kwa Mtogole. Kabla ya kugusa kitu tulikwenda kusalimia ofisi ya serikali ya mtaa. Ni adabu, lakini pia ni kinga: kijana mwenye simu anayezungukazunguka nyumba za watu na tepu hudhaniwa analeta bomoabomoa.

Baada ya hapo mtaro ndio uliotuongoza. Kila hatua chache dada aliinama: upana, kina, ni zege au udongo, uko wazi au umeziba. Anabonyeza kwenye simu, tunasonga. Kazi yenyewe haina maajabu, na pengine ndiyo maana ilikaa muda mrefu bila mtu wa kuifanya. Tulifuata mtaro mmoja wa zege, umejengwa vizuri hasa, mpaka ukaishia kwenye ukuta wa choo cha mtu. Basi. Maji yakifika hapo yajijue. Nilipogeuka kuuangalia vizuri, raba ya kulia ilizama kwenye tope hadi kifundoni. Dada hakusema neno. Watoto walisema.

Karibu na Mto Ng'ombe tulimkuta bibi anapepeta mchele kibarazani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mnapima tena?"

Dada akamuuliza mafuriko ya Desemba 2011 yalifika wapi, yale yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini. Bibi akaweka kiganja kifuani, akafikiri, akakipandisha mpaka begani. "Kifuani, lakini kifua cha wakati ule. Sasa nimefupika." Akatuingiza ndani. Ukuta umepakwa rangi mara tatu, alisema, na kila mara chumvi inatoka palepale: mstari wa kijivu, umenyooka kama uliopigwa na fundi, unapita chini kidogo ya dirisha. Dada akashusha tepu. Sentimita 118. Bibi akataka aandike pia kwamba godoro lilikwenda.

Nimewahi kusoma taarifa nyingi za mafuriko zilizoandikwa na watu wasiotoka ofisini. Hazina godoro.

Bodaboda hadi Manzese, mwendokasi hadi Jangwani. Hapo bonde la Msimbazi linafunguka, pana na kijani, ungedhani ni mahali pazuri pa kupumzikia. Baada ya mafuriko yale familia nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji. Dada alinieleza kinachowachanganya wageni: Jangwani huweza kujaa huku Kariakoo jua linawaka. Mto huu unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, na kabla ya kufika hapa umeshapokea maji ya mitaro mingi ya jiji, pamoja na mchanga na chupa; ule wa choo huufikia mbele zaidi, kupitia Mto Ng'ombe.

Bajaji ikatupitisha Upanga hadi daraja la Salender, Msimbazi unapoishia baharini. Chini ya daraja mikoko ilikuwa imeshika kila kilichotoka juu: mifuko, ndala ya mtoto, kifuniko cha ndoo. Dada alitoa simu akanionyesha ramani. Mitaro ya Tandale ilionekana kama nyuzi, imejaa mtandaoni ambako yeyote anaweza kuitazama bure, mhandisi au mpangaji anayetafuta chumba. Nikaitafuta nyumba ya bibi, nikaipata: pembe nne ndogo kando ya mto.

Jua lilikuwa kali, juu yetu hakuna hata wingu. Lakini maji chini yetu, yaliyokuwa kijivu tulipofika, yalishakuwa na rangi ya chai ya maziwa, na yalikuwa yanakwenda kasi. Dada akatazama upande wa Pugu. Kumetanda.

"Twende kituo cha Fire tukawahi mwendokasi," akasema, "kabla hawajafunga barabara Jangwani."